Ukurasa wa Kumi na Tisa

Mama alikiita kitabu cha mabaki.
Kaunta buku ya kwaya tatu, jalada
limevishwa kitenge, limeshonwa kwa uzi wa kiroba.
Gundi yake uji wa uwele, ndiyo maana mende
wa Mvumi walikisoma kabla yetu:
wakaanza na pembe, wakafika kwenye ubatizo wangu.

Nimekileta mjini kimefungwa kanga, juu ya mapaja,
hadi duka la steshenari nyuma ya soko la Majengo,
kwa kijana Mheluka, mwenye skana moja
na feni inayohamisha vumbi kutoka kona hii kwenda ile.
"Mia tano kwa ukurasa," akasema,
kisha akapima unene kwa vidole, akanionea huruma:
"Basi, mia tatu."

Taa ikapita chini ya kioo, polepole
kama mtu anayetafuta sindano kwa kurunzi.
Tiketi ya treni, Dodoma hadi Manyoni, daraja la tatu.
Kadi ya kliniki: uzito wangu
ukipanda, ukilala, ukipanda.
Lebo ya kiberiti. Kipande cha gauni la shangazi.
Jani la mlenda lililokauka hadi rangi ya chai,
na chini yake, kwa penseli: mvua ya kwanza, tumekula.
Sikujua kuna mwaka
ambao kula kulikuwa habari ya kuandikwa.

Mheluka ana ufundi wa kufuta madoa.
"Hili nalitoa?"
Hapana, hayo ni mafuta ya karanga.
"Na hili?"
Hilo ni dole gumba la baba,
alikuwa ametoka kutengeneza baiskeli. Liache.
"Sasa dada, nisafishe nini?"
Safisha kioo, nikamwambia.

Ukurasa wa kumi na tisa una tundu.
Mama amesimama studio, nyuma yake pazia
lenye mlima wa kuchorwa,
ana miaka ishirini, shingo imenyooka,
na begani mwake umekaa mkono
usio na mwenyewe.
Mkasi ulipita palepale kwenye kifundo.
Skana, isiyojua aibu za watu,
ikalijaza umbo lile kwa weupe mtupu.

Nikazirusha kurasa zote kwenye kundi la ukoo.
Wa Tunduma akacheka nywele za mjomba,
wa Arusha akauliza yule mbuzi alikuwa wa nani.
Kwenye kumi na tisa kundi likanyamaza.
Saa nne usiku, kutoka Sumbawanga,
namba ambayo haijawahi kusema hata amina
ikaleta picha: kipande kidogo, kimekunjamana,
msichana anacheka, mkono wake wa kushoto
unaishia hewani.
Hakuandika neno.

Mama mdogo Nyendo.
Jina tulilikuta limeshazikwa
pamoja na cherehani ya bibi
na ugomvi wa nani aliyestahili kuirithi.

Asubuhi Mheluka akaviweka vipande viwili kwenye skrini.
"Naviunganisha, dada. Hutajua palipokatwa."
Kidole kikasubiri juu ya kitufe.
Nikasema: sogeza vikaribiane. Tena kidogo.
Hapohapo. Usishone.

Jumamosi nikarudi Mvumi.
Macho ya mama yamebakiwa na mwanga wa mlango tu.
Nikamwekea simu kiganjani; akaipapasa,
akaigeuza, akanirudishia. "Hii inateleza.
Haina pa kushika."
Akaomba kitabu chake,
akakifungua bila kuhesabu, na kidole
kikaenda moja kwa moja kwenye tundu,
kikazunguka ukingo kama cha fundi anayekagua pindo.

"Kile kipande anacho," nikasema. "Amekituma."

Nje kuku walikuwa wakiparua maganda ya karanga.
Mama akakifunga kitabu, akakazia uzi wake.
"Mjibu."
Nimwambie nini?
"Mwambie aliondoka na mkasi wangu.
Aulete mwenyewe."