Kupima Dirisha

Nilipewa Kibuye, upande wa magharibi wote:
fomu mia na ishirini, shilingi sitini kila fomu,
kalamu mbili na fulana yenye nembo ya chuo.
"Hesabu milango," alisema Daktari Wabuti.
"Uliofungwa siku tatu mfululizo, andika: imekufa."

Wa kumi na saba ulikuwa wa Apondi, muuza mapazia.
Kufuli limeota kutu. Kwenye mabati
mgombea udiwani aliyeshindwa bado anatabasamu.
Siku ya tatu nikaandika: imekufa.
Nikatia na tarehe, kama karani wa mochari.

Fundi viatu wa jirani akacheka
hata misumari ikamtoka mdomoni.
"Imekufa? Nenda Manyatta, nyuma ya kinu cha unga,
ukaone maiti anavyofunga mizigo."

Nikamkuta sebuleni, goti juu ya robota,
simu mbili zikipokezana kulia.
Mlangoni Olwal, pikipiki haijazimwa,
anangoja furushi la basi la Kitale.

Swali la tisa: unafungua na kufunga saa ngapi?
"Saa nane za usiku mtu wa Webuye kaniuliza bei.
Andika hapo kama nilikuwa nimefungua au nimefunga."

Swali la kumi na nne: mteja wako wa mbali hutoka wapi?
Chini ya kilomita moja; moja hadi tano; zaidi ya tano.
Akanisogezea simu, akapitisha kidole:
dirisha la Lodwar, vumbi limelala kwenye nondo;
dirisha la Mbita, ziwa limeingia hadi ndani ya kioo;
dirisha la bwana harusi wa Kapsabet, hata fremu halina.
"Lodwar sijafika. Lakini najua jua lao hupigia upande gani."

Zamani, akasema, nilimpimia mtu bei kwa viatu vyake.
Siku hizi naitazama ile picha aliyojiwekea,
na picha, mwanangu, haikanyagi tope.
Kuna aliyeniletea ujumbe wa malipo wa kughushi,
nukta moja tu ndiyo iliyomuumbua.
Kuna wiki wenye mtandao walibadilisha kitu huko kwao:
siku tisa sikuonekana na mtu.
Kibuye, mteja asipokuja, naiona mvua.
Huku sioni hata wingu.

Nikamuuliza habari za Nyaboke,
aliyekuwa akiwauzia wateja wake uji pale mlangoni.
Akakata uzi kwa meno.
"Hilo nalo limo kwenye fomu?"
Halikuwemo.

Ndipo nikaliona daftari: majina, vipimo,
nani hununua mshahara ukiingia, nani baada ya matanga,
walimu, wauguzi, mjane mmoja wa Yala
anayebadilisha rangi kila Desemba.
Miaka minne. Daktari angetokwa na machozi.
Nikaomba nilipige picha, ukurasa mmoja tu.

Akalifunga.
"Duka ndilo hili. Wewe ulikuwa unahesabu mabati."

Chumbani kwangu Nyalenda
leso imepigiliwa misumari dirishani tangu nihamie.
Usiku ule nikaibandua, nikapiga picha, nikamtumia.
Jibu likaja kabla sijaketi:
*Upana?*

Sina futi. Nikachukua fomu,
nikazipanga juu ya nondo, ukingo kwa ukingo:
nne, na ya tano ikazidi kidogo ukutani.
*Fomu tano kasoro,* nikaandika.
*Fomu ni sentimita ngapi? Na rangi gani?*

Ya tano ilikuwa yake.
Neno imekufa nimeshalikata mstari.
Juu yake, mahali pasipo na kisanduku,
bado sijaandika kitu.