Mpaka

Neno moja limebebeshwa mizigo miwili:
mpaka, pale nchi inapokoma,
na mpaka, ule wa kungoja.
Nimekungoja mpaka mpaka.
Sijui kulisema vizuri zaidi ya hapo, Selestino.

Kilambo, saa nne asubuhi. Ruvuma imekonda,
michanga imetokeza migongo kama viboko
na viboko wametulia kama michanga.
Furushi nimelifunga kwa kitenge cha marehemu mama.
Ofisa wa forodha ananiambia: fungua.

Nafungua.
Tumbo. La mti mwepesi, la miezi minane,
kitovu kimejitokeza, matiti mawili yamelilalia,
chale za nta nyeusi ya nyuki
zinapanda kutoka kinenani kama msafara wa siafu.
Kwa ndani limekwanguliwa likawa bakuli.
Kamba nne za kufungia mgongoni.

"La nani hili?"
Langu.
"Yaani umelichonga."
Nimelichonga. Na ni langu.

Anazitazama ndevu zangu. Analitazama tumbo.
Analigonga kwa kifundo cha kidole,
anainamisha sikio kidogo,
kama anayebisha hodi kwa watu asiowajua.

Ya jandoni hayasemwi, nami siyasemi.
Nasema ya uwanjani, waliyoyaona wote Newala:
mjomba Lipwata, mwenye sauti ya kunadi korosho,
alivaa tumbo kama hili siku tuliyotolewa.
Alishika kiuno. Alijikanda mgongo.
Alitembea kwa visigino
kama mwanamke ambaye siku zake zimetimia
na bado kuni hajakata,
na wanawake wakapiga vigelegele hadi wakakauka koo:
huyo! huyo ndiye anayetujua!
Kisha alivua, akanawa, akawa mjomba,
na mwezi haukwisha akamfukuza mtoto wa jirani
kwa kutembea vilevile
bila ngoma.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Nilizihesabu kamba: nne.
Nikajiuliza ni ipi hasa iliyokuwa ikimrudisha.

Wewe unasema Shimakonde, mimi Chimakonde.
Mto umepita katikati ya ulimi.
Usiku ule Mtwara mjini, nyuma ya karakana,
mikono yetu imebabuka kwa mafuta ya ganda la korosho
(rangi uliyoipenda kwa sababu inauma),
ulinisahihisha jina la kila kitu,
kidole, goti, ukosi,
kwenu hivi, kwetu hivi,
tukashuka hivyo tukibishana
hadi tukafika mahali
ambapo ng'ambo zote mbili hunyamaza.

Kichwa unacho wewe.
Lipiko lenye masharubu na ndonya,
mdomo wa bibi, sharubu za babu,
na nywele umebandika za kwako mwenyewe.
Umeniandikia kwamba usiku linakutazama
na linauliza mwili wake uko wapi.
Mwambie unakaguliwa.

Ofisa anaandika: kinyago, kimoja.
Kwenye Me na Ke kalamu inasita,
anaruka mstari.
Halafu anakikunja kitenge yeye mwenyewe,
anapitisha pindo chini, analirudisha juu,
fundo la mbeleko, la upande wa kushoto,
fundo ambalo mwanamume haonyeshwi.
Simuulizi. Hanitazami.
"Nenda," anasema, "jua litakuchoma."

Kivuko kimekwama, kina hakitoshi.
Mwenye mtumbwi anataka pesa nisiyokuwa nayo.
Basi navua viatu.
Maji ya vifundo, maji ya magoti,
maji ya mapaja, na furushi linaanza kulowa.
Nalifungua.
Nalivaa.
Kamba ya kwanza, ya pili,
ya tatu napapasa nyuma kama kipofu.

Huko nilikotoka mtu anapiga kelele, sijui ni tusi au kigelegele.
Nashika kiuno. Mgongo unauma kweli.
Natembea kwa visigino juu ya mchanga usio wa nchi yoyote,

na kule ng'ambo, kwenye matete,
mtu amesimama
ameshika kichwa kwa mikono miwili.