Zamu ya Sera

Saa tisa usiku, Mudhairibu. Kiyoyozi kimekohoa kikanyamaza,
na Bi Shinuna hajapata usingizi tangu wiki ya mazishi.
"Nisomee hicho chako," ananiambia, "ila usinihubirie."
Nafungua pale pasipo na mahubiri:
Imna, na Ishva, na Ishvi, na Beria.

Nasoma kama nilivyozoea, mbio,
kama mtoto aliyetumwa chumvi usiku.
Kwetu Wundanyi mwinjilisti aliyaruka majina haya,
Mungu anayajua, alisema, tusonge mbele.
Aliyekuja baada yake aliyafumbua moja moja,
huyu maana yake neema, yule maana yake ole,
hadi ukoo mzima ukawa hirizi.
Sikumwamini. Nyanya yangu aliitwa kwa jina la njaa
na sufuria yake haikuwahi kulala tupu.

Bi Shinuna anainua kidole chenye hina ya kabla ya msiba.
"Polepole. Wasoma kama mwizi wa maji.
Hiyo si hadithi, mwanangu. Hiyo daftari."

Akanituma sandukuni, chini ya kanzu za marehemu,
nilete daftari la falaji, jalada limeliwa na mchwa.
Mumewe alikuwa arifu miaka thelathini na mmoja:
mchana alipima kwa kivuli cha nondo uwanjani,
usiku kwa nyota,
mpaka walipomnunulia saa, akaichukia.
Nusu saa ya maji huitwa athari.
Nilicheka, maana kwetu athari ni kile kinachobaki
mtu akishapita. Yeye hakucheka.
"Ndiyo hiyo hiyo," alisema.

Mimi herufi zile sizijui, yeye haoni tena;
basi mimi naweka kidole, yeye anakariri.
Warithi wa Khalfani, athari mbili.
Msikiti, moja na nusu.
Muhenna bin Seif, moja.
"Huyu alikufa lini?"
"Mimi sijazaliwa Wete."
"Na bado ana zamu?"
"Maji hayaulizi nani yu hai. Yauliza nani kaandikwa."

Nikarudi kwenye yangu,
kila *na* nikiipa muda wa kujaza ndoo.
Imna na mitende yake. Ishva na mitende yake.
Nikafika pale nilipokuwa nikipita mbio kuliko pote:
Sera, dada yao.
Hana mume pale, hana mtoto, hasemi neno,
yumo tu, kati ya wanaume walioshuka Misri.
Nimesikia wenye elimu walimtungia visa
ili apate sababu ya kuwapo.

Bi Shinuna aliketi. "Katajwa pamoja na kaka zake?"
"Katajwa."
"Basi alikuwa na maji yake.
Mwanamke hatiwi daftarini bure.
Mimi nimo, ukurasa wa nyuma, robo athari,
niliyonunua kwa bangili ya mama,
na mawifi hawajanisamehe hadi leo."

Sijui kama wafasiri wangekubali.
Kwetu, zamani, majina hayakuandikwa: mafuvu ya wazee
yalipangwa pangoni, yakitazama mashamba.
Nilipokuwa mdogo niliyahesabu.
Kati ya la saba na la nane palikuwa na pengo,
upana wake kama mtu. Hakuna aliyenieleza.
Na kwenye kadi yangu ya ukaazi Mghoi imegeuka Maghawi,
jina la baba limekatwa, nafasi iliisha.

Nje, Delwari wa Sileti anachomoa jiwe na tambara
kwenye mdomo wa mfereji. Zamu ya Muhenna.
Delwari naye hayumo daftarini,
lakini ndiye anayejua, gizani, kwa mlio,
maji yanapofika kwenye shina la mwisho.

"Mbona umenyamaza?" anauliza Bi Shinuna.
"Huyo Beria kazaa nani?"
"Heberi," nasema,
na kungoja ijae.