Dakika Mbili

Kaumba, weka spana chini kwanza.
Tabo hii tuliing'oa kwenye lori lililofia njia ya Kasumbalesa;
haijui kama imehamia kigari cha kubebea maharusi,
inazunguka kwa hasira ileile ya mizigo.

Oili peke yake? Itakufikisha Likasi.
Kurudi, itakuwa imegandia ndani, nyeusi,
kama sufuria ya bukari iliyosahauliwa jikoni.

Basi maji. Tuyachepushe kutoka kwenye rejeta
kwa bomba la shaba. Nimelipata Katuba,
mama mmoja kanipimia kwa kilo, kama nyama.
Shaba hii baba aliiyeyusha miaka ishirini na sita.
Kila jioni alirudi amekauka,
akinywa maji mlangoni, viatu bado mguuni.
Leo shaba inaupelekea moto maji.
Sijui kama angecheka.

Kipoza hewa tutakifunga mbele, karibu na bampa,
ingawa Oktoba hewa yenyewe ni vumbi jekundu
na wewe hutakipiga hata brashi, nakujua.
Feni ya pili? Betri yako haina ubavu huo.

Kuna dawa moja isiyo na bei:
ukifika, usizime.
Acha injini ingurume pole, dakika mbili nzima,
mhimili upoe ukiwa bado unazunguka.
Usimpigie mtu honi. Keti tu, hesabu vidole.
Kitu kilichokimbia namna hiyo
hakisimamishwi kwa kugeuza ufunguo.

Baba walimsimamisha kwa barua, Ijumaa, saa kumi.