Vaa Glavu, Onni

Vaa glavu, Onni, kabla hujasogea.
Chuma hiki nimekivua nguo leo asubuhi,
brashi ya waya kwanza, kisha msasa,
na sasa kinang'aa kijinga,
mtoto aliyetoka kuogeshwa
asiyejua kwamba nje kuna matope.

Usiuamini mng'ao huo.
Chuma kitupu hakina rafiki.
Hewa inakila, pumzi yako inakila,
hata birika la kahawa likichemka pale pembeni
mvuke wake unakitafuta.
Ndiyo maana kahawa leo tunainywea nje, thelujini.

Miaka ishirini na miwili nilisimama kwenye mstari wa rangi,
kiwandani, hapa hapa Uusikaupunki,
bodi zikinijia tupu, zikiondoka zimevaa.
Msimamizi alikuwa na saa mkononi na usemi mmoja:
mna saa nne, basi.
Baada ya hapo kutu imeshapiga hodi
na hakuna aliyeisikia.

Sasa futa kwa spiriti.
Upande mmoja wa kitambaa, geuza, upande wa pili, tupa.
Ukirudia, unarudisha mafuta ulikoyatoa.
Najua vitambaa ni pesa. Mlango ni pesa zaidi,
na yule bwana wa Rauma anauza milango
pamoja na matobo yake, bei ile ile.

Mtu aliyekula chumvi nyingi huitwa mwenye busara.
Gari lililokula chumvi nyingi huitwa chakavu.
Saab hii imekula chumvi ya barabarani
majira ya baridi kumi na sita,
na baba yako bado ananiuliza kwa nini siiuzi kwa kilo.

Jana nilibandua zulia upande wa dereva.
Chini ya zulia lami, chini ya lami rangi ya kijani,
chini ya rangi, kiraka cha bati, ukubwa wa daftari:
kazi ya Taisto, Februari, mwaka wa themanini na moja,
mwezi ambao sakafu ilitoboka
nikaiona barabara ikipita kati ya viatu vyangu.
Alichomelea usiku, akapaka rangi alfajiri.
Nilimwambia, umelishika bati kwa mikono mitupu.
Alikuwa anakula samaki wa chumvi kutoka kwenye gazeti,
akalamba vidole, akasema,
Raili, hapa siyo kiwandani.
Tulinuniana hadi Jumapili.

Lete taa. Inama.
Hapo.

Kidole gumba. Mistari yote,
hata kovu la kisu linalokatiza katikati.
Kutu imemchora
kuliko picha yoyote niliyo nayo sebuleni.
Miaka arobaini na ushei chini ya rangi
ikitafuna taratibu, bila haraka,
na haijafika hata unene wa ukucha.

Nilikuwa na haki. Hilo ulijue.
Kisha nilikaa pale na msasa mkononi
mpaka miguu ikafa ganzi.

Kutu haibembelezwi, mwanangu.
Ukiiacha kwa mapenzi
itakula kwa mapenzi hayo hayo.
Nipe ile chupa ya asidi, na brashi ndogo.
Usisugue. Gusa tu, ngoja.
Kutu ikifa hugeuka nyeusi,
hushikamana na chuma, haili tena.
Unaona? Mstari mmoja, na mwingine,
na kovu lenyewe.

Haya. Ametia dole gumba.

Ikikauka, praima ya zinki, mara mbili,
kisha kijani kile kile,
kisha nta ya moto ndani ya kingo
mpaka ichuruzike kwenye vitundu vya chini.
Atakayeinunua siku moja
atakanyaga hapo akitafuta klachi,
wala hatajua.

Saa ngapi?
Tumebakiwa na dakika arobaini.
Onni, glavu. Ya kushoto imetoboka.