Ufunguo wa Chumba cha Nyuma

Ufunguo huu, mgeni, una kichaa kidogo:
vuta mlango kwako kwanza, ndipo uuzungushe.
Usisukume. Aliyekutangulia alisukuma,
akaniamsha saa nane usiku, amelowa chapachapa,
nami miguuni nina soksi za marehemu Eckhard.

Karibu Wuppertal. Hapa mvua haipigi hodi.
Chukua mwavuli ule wa mlangoni,
si wa bluu; wa bluu umevunjika uti wa mgongo.

Treni yetu inaning'inia. Usishangae kwa sauti.
Imeshika reli kwa juu, tumbo liko hewani,
inaufuata mto kama popo mwenye ratiba.
Nenda mpaka nyuma kabisa, kwenye kile kioo kipana,
uutazame mji ukikuacha.
Lakini kwanza ipige tiketi muhuri!
Mkaguzi havai sare. Amebeba mfuko wa vitunguu,
ana uso wa mtu anayemwahi daktari wa meno,
kisha anasimama. Yuro sitini,
na hakuna samahani itakayopunguza hata senti.

Mwaka wa hamsini walimpakia tembo humo,
tembo mtoto wa sarakasi, wapate kutangaza onyesho.
Alivumilia kidogo, akavunja ubavu wa behewa,
akajitosa mtoni. Akatoka mzima.
Mama yangu aliapa kwamba alimwona.
Nusu ya mji huu inaapa hivyo.
Ukimpata mtu wa kukusimulia, msikilize mpaka mwisho
hata kama umeshasikia kwangu.

Kwenye kivuko, taa ikiwa nyekundu, simama,
hata barabara iwe tupu kama pochi ya mwisho wa mwezi.
Hapo dirishani huwa kuna mtoto,
na nyuma ya mtoto kuna bibi yake.

Leo ni Jumamosi. Nunua mkate kabla ya saa mbili usiku.
Kesho maduka yatalala fofofo,
utabaki na biskuti zangu, nazo ni za Krismasi.
Sasa tuko Machi.

Chupa usitupe, ina senti zake tumboni.
Ukichoka kuibeba, iache kando ya pipa, si ndani:
Bwana Jankowski wa pale stesheni ana baridi yabisi vidoleni,
usimfanye achokore uchafu.

Kuhusu mgahawa. Hapo ndipo wanaosafiri peke yao hunywea.
Mhudumu akileta bili huwauliza watu:
pamoja, au kila mtu na yake?
Wewe hatakuuliza.
Mimi nilikaa pale karibu na kabati la makoti,
mwezi wa tatu baada ya mazishi,
nikamaliza viazi vyote, na yule kijana, Torben,
akaiweka karatasi mezani, kimya, akaenda zake.
Miaka thelathini na minane Eckhard alijibu "pamoja"
bila kuinua macho kutoka kwenye sahani.
Basi nakuambia mapema: swali halitakuja.
Beba kitabu. Au usibebe.
Agiza supu, inachelewa kupoa.
Lipa taslimu, kadi wanaikunjia uso.
Na mtu akipita mezani pako akasema "Mahlzeit",
mjibu neno hilohilo. Si dua, si salamu hasa,
ni kama mtu amekugusa bega akiendelea na safari yake.

Kuna jambo jingine, nilitaka kulisahau.
Ngazi zetu ni sitini na tatu, na taa yake ina bahili ndani:
huzimika yenyewe ukiwa katikati,
kwa kawaida kati ya ghorofa ya pili na ya tatu,
hasa ukiwa na mzigo.
Usikimbie. Usirudi chini.
Weka kiganja ukutani, upande wa kushoto,
upande ambao rangi imechakaa
kwa viganja vyetu sote,
utembee nao taratibu mpaka uone kitufe
kidogo, cha rangi ya chungwa, kinachowaka gizani.
Bonyeza.

Taulo ziko kitandani. Kifungua kinywa ni saa mbili.
Yai, la kuchemsha sana au kidogo?