Kwa Kila Kichwa

Ndege ya mwisho kutoka Krete hutua Torp saa saba usiku,
na mimi husimama pale njia inapogawanyika:
kijani kwa asiye na la kusema,
nyekundu kwa mwenye la kutangaza.
Huu ni mwaka wa kumi na tisa.
Nyekundu hukaa tupu kama shule wakati wa likizo.

Nawajua wa kijani kwa shingo zao.
Mwenye soseji ndani ya taulo hutazama dari.
Mwenye saa mpya huvuta mkono wa sweta
kisha huniuliza mimi ni saa ngapi.
Baba mwenye chupa nyingi humpa kila mtoto mkoba autunze,
halafu huwaongoza polepole, kioo kisigonge kioo.
Sheria huhesabu vichwa, kila kichwa na kiasi chake.
Mali bila daftari huisha bila habari,
na huku Norwe daftari ni sisi.

Usiku ule akaja mama mmoja kwa njia nyekundu,
akikokota masanduku mawili, moja kwa kila mkono,
kama watoto wasiotaka kuondoka ufukweni.
Gudveig Haugland, wa Larvik, mwalimu mstaafu wa hisabati.
Akaniwekea orodha mezani. Miandiko miwili.
Wa juu umelala, wino wa buluu:
raki chupa mbili, tumbaku ya kiko, viatu namba arobaini na tano.
Wa chini umesimama wima, penseli:
mvinyo, jibini, kitambaa cha meza,
*shati jeupe, moja, halimo sandukuni.*

"Mko wangapi?"
"Wawili."
Nikatazama nyuma yake. Sakafu, taa, mfagiaji.
"Mwenzangu ametangulia," akasema. "Jana. Kwenye shehena."

Nikakumbuka. Fomu ilipita mkononi mwangu:
sanduku la zinki, kilo mia na arobaini,
na pale penye thamani ya bidhaa
wakala ameandika, kama inavyoandikwa,
haina thamani ya kibiashara.
Nikapiga mhuri. Nilikuwa nakunywa kahawa.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma,
lakini hakuna aliyenifundisha meno yake yaingie wapi hapa.
Aliyevuka mpaka amelala, anacho kiasi chake?
Msafiri abebe mzigo wake mwenyewe, ndivyo tunavyosema,
na huyu amebebwa.
Nikafungua mdomo nimwambie pita, mama, pita tu.

Akauona huo mdomo.
"Usinihurumie. Piga hesabu.
Miaka thelathini Torleiv alipita kijani,
tumbaku ndani ya viatu, uso kama wa askofu,
na mimi nyuma yake, moyo ukidunda hadi maegesho.
Ndani ya gari yeye hucheka, mimi nimenuna.
Leo apite hapa. Mara moja tu."

Basi nikapiga hesabu. Kichwa kimoja kikasamehewa,
kingine kikatozwa: raki, tumbaku, viatu.
Na shati?
"Limevaliwa," nikasema. "Nguo iliyovaliwa haitozwi."
Akaipitia hesabu yangu kwa ncha ya penseli,
akanisahihisha krona nne,
kwa faida ya serikali.

"Risiti iandike jina lake."
Mashine ikauliza jina, nikaandika.
Ikauliza tarehe ya kuwasili.
Vidole vikasita. Nikaandika ya jana.
Ikaguna, ikatoa ulimi wa karatasi.
Akaukunja mara mbili, akaukunjua, akausoma tena,
akautia ndani ya kiatu cha kushoto, namba arobaini na tano,
akafunga sanduku.

Mlango ukafunguka wenyewe, ukamngoja
yeye na masanduku yake, moja likichelewa.
Nyuma yangu, upande wa kijani,
kijana mmoja alikuwa bado anatazama dari.